Mashine Iliyofunga

Mwau aliingia dukani saa mbili kasorobo asubuhi, blanketi begani, na kabla hajasalimia nilishajua ni mkojo wa mbuzi. Harufu ilimtangulia. Nje, nyuma ya pikapu, mbuzi watatu walisimama wakitutazama kama mashahidi waliokubaliana wasiseme ni nani kati yao.

"Shikamoo Mama Idris," alisema. "Nisaidie tu. Hii ikitoka hapa safi na kavu kabla ya saa saba, nitakuombea mpaka nizeeke."

Mama Idris ndiye mwenye duka. Jina lake ni Zulekha, mtu wa Kitui mjini, wa zile familia ambazo babu zao walipanda kutoka pwani na biashara, wakapapenda, wakakaa. Hapa Tawa ana duka la kufua nguo lenye mashine mbili, kubwa na ndogo, na mimi Nthenya ndiye namsaidia. Napokea nguo, nachambua, naanika, napiga pasi. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini kwa Mama Idris nimekuwa nikisoma mwaka wa pili huu, kwa kutazama tu.

Aliichukua ile blanketi, akaifungua, hakukunja pua. Ilikuwa nzito, ya rangi ya damu ya mzee, yenye maua makubwa ya manjano.

"Imekuwaje?"

"Tulitoka Kasikeu saa kumi na moja. Nikamwambia mjomba akae nayo mbele, juu ya miguu. Akasema miguu yake inavimba. Nikaiweka nyuma kwa kartoni, nikafunga na kamba."

"Na kartoni iko wapi?"

"Mbuzi zilikula."

Mzee Ndunda, huyo mjomba, alikuwa ameshuka kwenye pikapu na kusimama mlangoni na bakora yake. "Walikula kartoni," alisema, "halafu mmoja akaona haja. Mimi siwezi kumlaumu mbuzi. Huyu ndiye alisoma mpaka chuo."

Mbuzi watatu, blanketi na mjomba: hapo ndipo nilijua safari ni ya ntheo. Kwetu Ukambani unaweza kukaa na mwanamke, mkajenga, mkazaa, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaingia kwao, huyo bado ni msichana wa kwao na watoto ni wa kwao. Mwau alitueleza kwamba anapeleka mbuzi Mbooni, nyumbani kwa Kavata, mwanamke wake. Kavata ana mimba ya miezi mitano. Babake alishafariki, kwa hivyo kaka yake mkubwa ndiye amesimama mahali pa baba, na huyo kaka anafanya kazi Qatar. Angeondoka Mbooni saa kumi jioni hiyo kwenda kupanda ndege, na kurudi kwake ni baada ya miaka miwili. Mwezi uliopita walishaenda mara moja wakarudishwa, kwa sababu mbuzi mmoja alichechemea. Mwau alisema alikuwa amekanyaga mwiba tu njiani. Wazee wa Mbooni wakasema mwiba au si mwiba, mbuzi wa ntheo haletwi akiwa kilema.

"Na blanketi ni ya mama mkwe," Mzee Ndunda alisema. "Amelala baridi ya Mbooni akimlea huyo msichana. Tukifika bila blanketi, hata mbuzi hawashuki kwa gari."

"Si mnunue nyingine?" Mama Idris aliuliza.

"Nimeingia maduka matatu," Mwau alisema. "Ziko tu zile nyembamba za kijivu."

"Zile za kugawiwa wakati wa njaa," mzee akaongeza. "Ampelekee mama mkwe blanketi ya msaada? Ataulizwa kama mahindi na maharagwe yako nyuma."

Mama Idris alicheka kidogo, akafunika mdomo na mtandio. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, siku ya kumi na kitu, na joto la Machi lilikuwa limeanza mapema. Hakuwa ameonja hata tone tangu alfajiri, na angekaa hivyo mpaka jua litue. Sijawahi kumsikia akitaja kiu. Nikimtazama sana, naona tu kwamba mchana anapunguza maneno, kama mtu anayebana matumizi.

"Saa moja ya kufua," alisema. "Masaa mawili ya jua. Inatosha. Nthenya, iingize kwa kubwa."

Sasa hapa ndipo ninapopaswa kusema nilichofanya. Mama Idris alipima poda mwenyewe, akaimimina, akaenda kumpokea mteja aliyeleta mapazia. Mimi nilibaki na ile blanketi mbele ya mashine, na harufu ilikuwa bado inanipiga usoni. Nikaona ile poda ni kidogo. Nyumbani, tukifua mtoni na mama, nguo ya mavi ya mtoto au ya mkojo wa mbuzi hatuiamini poda. Tunatumia sabuni ya kipande. Kipande kilikuwa pale kwenye sinki. Nikachukua kisu, nikaikuna nusu nzima juu ya blanketi, nikafunga mlango, nikabonyeza. Nilitaka Mwau asirudishwe mara ya pili. Hilo tu.

Mashine yetu kubwa mlango wake ni wa duara, wa kioo, uko mbele. Ukibonyeza kuanza inajifunga yenyewe kwa ndani, tak, na taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo inawaka. Ikimaliza, ile taa inazima na mlango unajiachilia, tak nyingine. Tangu mwezi uandame, mashine ikijifunga Mama Idris husema, "Naye amefunga." Ikijifungua husema, "Amefuturu." Kila siku anasema na kila siku nacheka, kwa sababu anasema kama anasema mara ya kwanza.

Siku hiyo ilifunga, tak, lakini haikufuturu.

Ilipofika saa tatu na nusu pipa lilikuwa limetulia, na taa ya ufunguo bado ilikuwa nyekundu. Nilivuta kishikio. Kigumu. Ndani ya kioo niliona blanketi imelala chini kama mbwa aliyenyeshewa. Mwau alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akihesabu mbuzi wake kwa macho kila baada ya dakika. Akainuka.

"Imeisha?"

"Imeisha lakini haifunguki," nilisema.

Alishika kishikio na mikono miwili. Mama Idris alikuja mbio kuliko nilivyowahi kumwona, akaweka kiganja chake juu ya mikono yake, bila nguvu.

"Mwanangu, usiuvute. Mlango huu ukivunjika haubembelezeki tena."

Alizima mashine ukutani. Akatazama saa. "Dakika tano," alisema, akakaa. Mimi nikijua mtu ana haraka hivi, mikono yangu inatafuta kazi ya kufanya hata kama si kazi. Yeye aliweka yake mapajani. Kitasa cha mashine, alimweleza Mwau, kikipata moto hukaza, kikipoa hulegea, mara nyingine ni hivyo tu. Dakika tano zilipita. Akawasha. Taa ya ufunguo ikawaka. Mlango ukabaki vilevile.

Akaweka mashine kwenye kutoa maji peke yake. Pampu ikalia. Akaenda nyuma, akashika ncha ya bomba la maji machafu na vidole. "Hewa," alisema. Akapiga magoti, akafungua kidirisha cha chini, akaweka beseni, akazungusha kichujio pole pole. Kikombe kimoja cha maji kikatoka, na nywele za mbuzi, na kifungo cha shati la mtu wa wiki iliyopita. Akakisafisha, akakirudisha. Hakuna kilichobadilika.

Wakati huo Mzee Ndunda alikuwa ameshampigia simu Ben. Ben ana kibanda karibu na stendi ya boda, anatengeneza simu, redio na friji. Alikuja na begi lake na testa shingoni kama daktari.

"Mathe, sema. Ni loki?"

"Tazama wewe."

Aligusa hapa na pale, akasikiliza, akapiga mlango na kifundo cha kidole. "Loki imekufa. Hii tunaagiza Nairobi. Jumatatu hivi, ama Jumanne."

"Jumanne," Mwau alisema, "mimi nitakuwa shemeji ya nani?"

"Ama nitoe kifuniko cha juu, niingize mkono, niivunje loki. Dakika kumi mlango uko wazi."

"Vunja."

"Ngoja," Mama Idris alisema. "Umevunja. Mlango uko wazi. Halafu?"

"Halafu anatoa blanketi yake, mathe."

"Tazama hiyo blanketi."

Sote tukainama mbele ya kioo, hata mzee. Maji yalikuwa yakitoka kwenye maua ya manjano, tone kwa tone.

"Hii haijakamuliwa," alisema. "Mkiitoa hivi mkaikamua kwa mikono, nyote wanne, itakauka kesho jioni. Sasa Ben, nisaidie hapa. Loki ikifa, inakufa peke yake. Mbona na kukamua kumekufa siku hiyohiyo?"

Ben alikuna shingo. "Labda bodi, ile akili ya mashine."

"Labda. Lakini taa inawaka, pampu inalia, saa inahesabu. Bodi iko macho. Mimi naona kama mlango unatii amri. Ukimkuta askari amefunga geti, huanzi kwa kumvunja mkono. Unauliza nani amemwambia afunge."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nakumbuka nilisahau kuogopa kwa muda. Miaka kumi na moja alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Kitui, na mafundi walipokuja yeye ndiye alikuwa akiwashikia tochi. Alisema tochi ni shule, ukiishika vizuri. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Na sasa alikuwa amesimama na midomo mikavu, watu wanne na mbuzi watatu wanamngoja, na alikuwa akifikiri polepole kama mtu anayechambua mchele.

Akanigeukia. "Nthenya. Wewe ndiye ulikuwa karibu. Ulisikia nini mwisho?"

Kusikia najua. "Maji yalitoka yote," nilisema. "Yalikoroma, yakaisha. Halafu pampu ikaendelea kulia kavu, kama mtu anavuta soda kwa mrija na chupa imeisha. Ikanyamaza. Ikalia tena. Mara tatu. Pipa halikuzunguka kwa kasi hata mara moja."

"Mara tatu?"

"Tatu. Nilihesabu."

"Basi," alisema. "Maji yametoka, lakini yeye hajui kama yametoka."

"Nani hajui?" Mwau aliuliza.

"Mashine. Inadhani bado ina maji tumboni. Na mashine yenye maji tumboni haikamui na haifungui mlango. Ingefungua, yangemwagika hapa yote, tuogelee. Hii haina kosa. Imedanganywa."

Mzee Ndunda aliitazama ile mashine na heshima mpya. "Kwa hivyo haijafunga," alisema. "Inadhani imekunywa."

Mama Idris akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, sasa umesema. Lakini imedanganywa na nani? Kuna njia ambayo inapimia maji, na hiyo njia imeziba. Poda haizibi. Nimetumia poda hii miaka mitatu na maji haya haya."

Maji yenyewe, niseme, ni ya punda. Mfereji ulikuwa umekauka siku nne, na tangi letu lilijazwa na mwenye punda, maji ya kisima cha chumvi. Ni maji yanayokataa povu.

Watu wote walikuwa wakifikiri, na mimi nilikuwa nikijua. Nilitazama mikono ya Mwau. Alikuwa ameshika funguo za pikapu na alikuwa akizibana mpaka kiganja kimekuwa cheupe. Saa ukutani ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Mama Idris," nilisema. "Nilikuna sabuni ya kipande."

"Wapi?"

"Ndani. Juu ya blanketi. Niliona poda ni kidogo."

"Kiasi gani?"

"Nusu."

Ben alipiga mluzi. "Nusu bar? Wewe ulikuwa unafua mbuzi ama blanketi?"

Nilingoja. Nimefanya kazi kwa watu wawili kabla ya Mama Idris, na najua sura ya mtu anayekaribia kukufokea, inaanzia puani. Ya kwake haikuanza. Alichukua kipande kilichobaki, akachota maji ya tangi kwa beseni, akasugua. Povu halikutoka. Yalitoka madonge ya kijivu, yakaelea, yakashikana na ukingo wa beseni kama mafuta ya nyama baridi.

"Maji ya chumvi na sabuni hii hayapatani," alisema. "Yanaganda kama maziwa yaliyolala. Mtoni kwenu maji ni matamu na yanatembea, yanachukua. Humu hayana pa kwenda, yanatafuta kitundu." Akajipangusa mikono. "Ungenyamaza, tungekuwa bado tunamsingizia mlango. Ben, toa kifuniko cha juu. Usivunje kitu."

Ben hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kuvunja. Alipopewa kazi ya kufungua alifungua vizuri, akapanga skrubu juu ya kitambaa kwa mstari. Ndani kwa juu, pembeni, Mama Idris alinionyesha kidude cheusi cha duara, kama kifuniko cha kopo la kahawa. Mpira mwembamba ulitoka kwake ukashuka mpaka chini ya pipa.

"Maji yakipanda kule chini, yanasukuma hewa kwenye mpira. Hewa inabonyeza hiki. Hiki ndicho kinasema, maji yapo. Yakitoka, hewa inarudi, kinasema, maji hayapo. Sasa chini kumezibwa na donge lako, hewa imefungiwa humu. Kinaendelea kusema maji yapo. Ni mkweli. Kinasema kile kinachosikia."

Akauchomoa mpira kwenye kile kidude. Tk.

Sauti ndogo kama mtu anavunja punje ya dengu. Lakini sote tuliisikia.

"Imejua," Mwau alisema. "Si imejua sasa? Basi iache hivyo hivyo, ikamue."

"Nikiiacha hivyo itakamua, na mlango utafunguka. Lakini blanketi imejaa haya madonge. Ikikauka nayo itakuwa ngumu kama ngozi na madoa ya kijivu juu ya maua. Mama mkwe ataishika na vidole. Mwanamke yeyote anaishika kwanza na vidole. Inataka kusuuzwa, na kusuuza ni kujaza maji, na mpira ukiwa nje mashine haitajua ikome wapi. Itajaza mpaka kwa mbuzi wako." Akaangalia saa. "Tuzibue. Muda upo."

Aliingia chumba cha nyuma, akarudi na mfuko wa karatasi. Ndimu sita. Nilizijua. Nilikuwa nimemnunulia mwenyewe kwa mama mmoja wa Mbooni siku iliyotangulia, za kukamulia maji ya futari, kwa sababu hayo ndiyo hupenda kuanza nayo jua likitua. Alizikata zote, akazikamua kwenye kikombe, akaongeza maji ya moto. Kwa faneli ya taa ya mafuta akamimina kidogo kidogo ndani ya ule mpira, akangoja, akamimina tena.

"Sasa mtu apulize," alisema. "Mimi siwezi kuweka mdomo hapo. Yakinirudia nikameza, swaumu yangu imekwenda. Ben?"

Ben alirudi nyuma hatua moja. "Mathe, ile ni mkojo ya mbuzi."

"Nipe mimi," Mwau alisema, na mkono wake ulishafika.

"Wewe una haraka. Mwenye haraka anapuliza kwa nguvu, na huo mpira ukichomoka kule chini tutalaza mashine ubavu mpaka kesho. Nthenya, njoo."

Sikuwahi kugusa kitu cha ndani ya mashine. Kazi yangu huishia mlangoni. Nilipiga magoti juu ya kiti, nikashika ule mpira, nikautia mdomoni. Sabuni, ndimu, na mbuzi, kwa mpangilio huo.

"Polepole," alisema sikioni. "Kama unapuliza moto unaotaka kuwaka, si unaotaka kuzima."

Nilipuliza. Ilikuwa kama kupuliza ukuta. Nikaacha, nikapuliza tena. Akamimina ndimu nyingine, tukangoja, nikapuliza. Sijui mara ngapi. Nje mbuzi mmoja alilia na Mzee Ndunda akamwambia anyamaze, watu wanafanya kazi. Macho yangu yalianza kutoa machozi. Halafu mbali chini, ndani ya tumbo la mashine, kitu kilijiachia, na hewa yangu ikapita yote mara moja ikaenda kububujika kwenye maji yaliyobaki. Blup. Blup, blup.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Vuta kidogo sana, uteme. Puliza tena."

Nilitema donge la kijivu kwenye beseni, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Mwau alilitazama kama mtu anayetazama jino lililokuwa linamuuma.

Kisha Mama Idris akafanya jambo ambalo halikuwa la lazima. Kabla ya kurudisha mpira, alikata kipande kifupi cha mpira wa zamani, akakipachika kwenye kile kidude cheusi, akanipa. "Puliza kidogo tu."

Tk.

"Inasema maji yapo. Achia."

Tk.

"Inasema hayapo. Umesikia? Siku nyingine nikiwa sipo, unajua pa kuuliza."

Saa ilikuwa saa nne na nusu na mtu anangojewa Mbooni, naye alichukua nusu dakika kunifundisha. Mwau aliona. Nadhani alielewa.

Tukarudisha kila kitu. Kwa kusuuza hakutumia maji ya punda. Alikuwa na mitungi mitatu ya maji ya mvua, anayoyaweka kwa nguo nyeupe za wateja wa kanisa, akayamimina yote kwa mkono kupitia sehemu ya poda. Mashine ilijaa, na kile kidude kikasema tk, maji yapo. Ikasuuza. Ikatoa. Tukasikia pampu ikikoroma, ikifika mwisho, ikianza kulia kavu, na Mwau akafumba macho.

Tk.

Pipa likaanza kuzunguka. Kwanza taratibu, halafu kwa kasi, halafu kwa kasi ile ambayo maua ya manjano yanakuwa pete moja. Mzee Ndunda alivua kofia.

Liliposimama, mikono mitatu ilienda kwenye kishikio, wangu ukiwa mmoja.

"Acheni," Mama Idris alisema. "Mpeni muda afungue mwenyewe."

Tukasimama. Dakika moja. Ya pili ilikuwa ndefu kuliko zote za asubuhi hiyo. Taa ya ufunguo ikazima.

Tak.

"Amefuturu," alisema. "Kabla yangu."

Ilianikwa saa tano na dakika kumi kwenye waya wa nyuma, mahali ambapo upepo unapanda kutoka bondeni. Nilisimama nayo kama mchungaji, nikiigeuza kila robo saa. Saa saba kasoro kumi ilikuwa kavu, isipokuwa pindo la chini. Mwau aliikunja na akampa Mzee Ndunda aketi nayo mbele, na safari hii mzee hakutaja miguu yake. Waliondoka wakipanda kuelekea Mbooni, na mara ya mwisho nilipoiona ile pikapu, mkono wa mzee ulikuwa nje ya dirisha umeshika pindo, likipepea ili lipate kukauka njiani. Ben alikaa nyuma na mbuzi. Hakuna aliyemwalika. Alisema anataka kuona mwisho.

Mchana wote tulifua mapazia. Kila simu ilipolia Mama Idris alinitazama na mimi nilimtazama, na alikuwa mteja.

Mwau alipiga simu jua lilipokuwa linagusa mlima. Mama Idris alikuwa ameshatandika mkeka chumba cha nyuma, tende tatu kwenye kisahani na glasi ya maji. Alikuwa akingoja adhana kwenye simu yake. Aliweka sauti wazi ili nisikie.

"Wamepokea," Mwau alisema. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi na mtu alikuwa akiimba vibaya, nadhani ni Ben. "Wote watatu wameshuka. Kaka yake amewakagua miguu mmoja mmoja, akafunga kamba mwenyewe. Ameondoka saa kumi, amenishika mkono."

"Alhamdulillahi. Na blanketi?"

"Mama aliishika na vidole. Kama ulivyosema."

"Halafu?"

"Halafu akaiweka puani. Mama Idris, roho ilinitoka. Akanusa, akanusa tena. Akamwambia Kavata, hii haijatoka dukani moja kwa moja, hii imefuliwa na sabuni ya kipande na mtu wa nyumbani. Akajifunika hapo hapo, jua likiwa kali."

Mama Idris hakunitazama mara moja. Adhana ilikuwa imeanza. Alisema dua yake kwa sauti ya chini, akala tende, akainua glasi ya maji matupu, yasiyo na ndimu, akanywa nusu bila kupumua. Ile nusu nyingine alinisogezea.

"Kunywa," alisema. "Una mbuzi mdomoni tangu asubuhi."